Je, Wajua? Malkia wa Visu, Kamanda Aliyeachwa Nyuma

Ukiingia kwenye kibanda cha video wakati filamu imeshaanza, swali lako la kwanza ni lilelile la kila mtu: "Steringi nani, adui nani?" Leo steringi tumwache apumzike, tumzungumzie adui. Anaitwa Sarah Kerrigan, Malkia wa Visu, kamanda wa viumbe wa anga za mbali katika StarCraft, gemu ya mikakati ya vita iliyotolewa na kampuni ya Blizzard Entertainment ya Marekani tarehe 31 Machi 1998. Mgongoni ana mbawa za mifupa mitupu zenye ncha kama majambia, kichwani nywele zimegeuka mikia migumu, na nyuma yake kuna jeshi linaloanguliwa kutoka kwenye mayai. Nimemfuatilia kwa miaka mingi, na kila nikidhani nimemmaliza naokota jambo jingine la kushangaza. Kaa mkao wa kula.

Kamanda wa viumbe alizaliwa binadamu

Huyu anayeongoza majitu yenye kucha na meno alizaliwa na mama kama wewe na mimi. Alikuwa mtoto mwenye kipaji cha kusoma fikra za watu, serikali ikamchukua akiwa mdogo na kumfunza uuaji katika kikosi cha siri kiitwacho Ghost, jina lenye maana ya mzuka. Ndiyo maana anatisha kuliko adui wa kawaida: anatujua kwa ndani, woga wetu, hila zetu, na mahali tunapoumia.

Aliyemkomboa alikuwa mtoto wa mtu aliyemuua

Kerrigan alitolewa katika mikono ya serikali hiyo na kiongozi wa waasi, Arcturus Mengsk. Lakini miaka ya nyuma, akiwa bado muuaji wa kutumwa, Kerrigan ndiye aliyekatisha maisha ya Angus Mengsk, baba mzazi wa Arcturus, na Arcturus alikuja kulijua hilo. Alimtumia vitani mpaka sayari ya Tarsonis, makao makuu ya serikali, ilipozingirwa na viumbe waitwao Zerg. Hapo akamtuma awazuie maadui wengine, kisha akaamuru meli zote ziondoke. Kerrigan aliita kwenye redio, akaita tena. Hakuna meli iliyogeuka kumfuata.

Unamwacha wewe, halafu unamlea wewe

Katika gemu hii mchezaji hakai pembeni kutazama Kerrigan anavyosalitiwa. Wewe ndiye uliyekuwa ukiongoza jeshi la waasi katika vita hivyo, na wewe ndiye uliyeikamilisha kazi kama ulivyoagizwa. Sura inayofuata inakugeuza mtumishi wa Zerg, na amri ya kwanza unayopewa ni kulinda gamba moja kubwa linalopwitapwita kama moyo. Unalilinda, unalisafirisha, unalipigania kwa jasho bila kuambiwa kilichomo. Linapopasuka, anatoka yeye. Hata mchezaji aliyekuwa na miaka kumi na miwili tu alielewa bila kufundishwa kwamba adui huyu ametoka katika mikono yake mwenyewe.

Kwenye bao tungemwita kete iliyoliwa

Katika sataranji, kipande kikiliwa ndiyo basi, kinalazwa kando ya ubao mpaka mchezo uishe. Katika bao letu mambo ni tofauti kabisa. Kete ukizila huzitii mfukoni: unazirudisha kwenye mashimo yako kuanzia kichwani, unazitembeza, na dakika hiyohiyo zinakwenda kumla aliyekuwa mwenye nazo. Mashimo ni 32, kete ni 64, na zote hubaki mchezoni hadi mwisho, zikibadilisha upande tu. Mzee yeyote wa barazani angeielewa hadithi ya Kerrigan kwa sentensi moja: waasi walimwacha aliwe, na Zerg wakamtembeza.

Jina lake lilianza kama utani kwa washindani

Mwaka 1996 kampuni ya Westwood ilitoa gemu ya mikakati iliyotamba, Red Alert, yenye komando wa kike aitwaye Tanya. Wabunifu wa Blizzard, kwa kuwatania washindani wao, wakamwita mpiganaji wao wa kike Kerrigan. Utani huo ulitoka kwenye mchezo wa kuteleza barafuni: Januari 1994, huko Detroit, Nancy Kerrigan alipigwa kwa rungu juu kidogo ya goti, na mkasa huo ulifungamana na mpinzani wake, Tonya Harding. Tanya na Tonya, basi na Kerrigan awepo! Nancy mwenyewe alirudi barafuni wiki chache baadaye na kutwaa medali ya fedha ya Olimpiki. Jina lililochaguliwa kwa kicheko likaja kubebwa na mhusika aliyewaliza wachezaji.

Uso ulikuwa wa kubahatisha, sauti ndiyo iliyotisha

Skrini nzima ya StarCraft ya mwanzo ilikuwa na vinukta 640 kwa 480, jumla 307,200. Skrini ya kawaida ya 1920 kwa 1080 ina zaidi ya milioni mbili, karibu mara saba. Uso wa Kerrigan ulipewa kijisehemu kidogo tu chini ya skrini, kama picha ya kitambulisho. Kazi yote ya kutisha ikamwangukia mwigizaji wa sauti, Glynnis Talken, ambaye alimfanya aongee kwa utulivu wa mtu asiye na haraka kwa sababu hana anayemwogopa. Na jambo la kupendeza ni kwamba Talken huyohuyo ni mwandishi wa riwaya za mapenzi za kihistoria!

Askari wake huuzwa wawili kwa bei ya mmoja

Askari wa kawaida wa binadamu katika StarCraft hugharimu madini 50. Kwa madini hayohayo 50, Kerrigan anapata yai moja ambalo hutoa zergling wawili, vijibwa vya vita vyenye kucha na mbio kali. Jeshi lina ukomo wa nafasi 200, na kila zergling hula nusu nafasi tu, kwa hiyo ukiamua unaweza kujaza uwanja na 400. Mkakati wake ni wa mwenye mali ya jumla: mmoja mmoja hawana thamani, lakini mzigo mzima hauzuiliki.

Ukitaka nyumba, fundi mwenyewe anageuka nyumba

Binadamu katika gemu hii hujenga kwa mashine na vyuma, wakimaliza wanaendelea na kazi nyingine. Zerg hawana tofali wala nyundo. Kibarua wao anatulia mahali pamoja, anajikunja, anavimba kuwa kifuko, na baada ya muda kifuko kinapasuka na jengo linasimama likipumua. Kibarua hayupo tena, jengo ndilo yeye. Kila unapotaka ghala au ngome unapoteza mkono mmoja wa kuchimba madini, na hesabu hiyo ndogo ndiyo inayomtenganisha mchezaji hodari na mbahatishaji.

Siafu wetu wanamzidi kwa idadi

Aliyelala kijijini akaamshwa usiku wa manane na kuku wanaopiga kelele bandani anaijua hofu ya Zerg bila kugusa kompyuta. Unatoka na taa, unaona ardhi inatembea, unakimbilia majivu na mafuta ya taa. Kundi moja la siafu linaweza kuwa na zaidi ya milioni 20, mara 50,000 ya zergling wote ambao gemu inakuruhusu. Malkia wao hutaga mayai zaidi ya milioni moja kwa mwezi, na askari wake hawana macho: wanafuata harufu. Lakini malkia wa siafu hatoi amri hata moja, yeye ni mtagaji tu, na kundi zima huamua njia bila mkubwa. Kumpa malkia akili, kisasi na sauti ndiko kulikomgeuza Kerrigan kuwa kamanda.

Kuna mdudu wa kweli anayeteka akili

Huhitaji kusafiri angani kuona kiumbe kikimtawala kingine. Yupo nyigu wa kijani kinachong'aa kama zumaridi, anayeishi Afrika na sehemu nyingine za joto, ambaye humchoma mende mara mbili: kwanza kifuani ili miguu ya mbele ilegee, kisha moja kwa moja kwenye ubongo. Mende hafi wala hapoozi, ila hamu ya kukimbia inamtoka. Nyigu humshika kipapasio na kumwongoza hadi shimoni kama mbuzi wa kamba, anamtagia yai mguuni, na buu likianguliwa linamla mende akiwa hai. Ukishaliona hilo, hadithi ya mwanamke aliyegeuzwa ndani ya gamba haikai tena mbali na maumbile kama ulivyodhani.

Aliyemgeuza alikuwa mtumwa, na alimtaka awe huru

Tofauti ya Kerrigan na mende yule ni kwamba yeye hakunyang'anywa utashi. Zerg walitawaliwa na akili moja kubwa iitwayo Overmind, na wote walitii kama vidole vinavyotii mkono. Kerrigan alipoanguliwa alibaki na hasira zake, kumbukumbu zake na maamuzi yake. Kwa miaka 12 wachezaji walijiuliza kwa nini, hadi toleo la pili la mwaka 2010 lilipofichua kwamba Overmind naye alifungwa na nguvu iliyomtangulia, hakuweza kuasi, hivyo akatengeneza mtu ambaye angeweza kuasi kwa niaba yake. Kumbe adui mkubwa kuliko wote aliundwa ili awe ufunguo wa pingu za wengine.

Katika Brood War, adui alishinda

Tumezoea kwamba steringi hafi. Nyongeza iitwayo Brood War, iliyotoka mwishoni mwa 1998, ilivunja sheria hiyo bila huruma. Meli za kivita zinafika kutoka Dunia, Kerrigan anaonekana dhaifu, anaomba ushirika na maadui zake wa zamani, akiwemo Mengsk aliyemtelekeza. Wanashinda pamoja, wanalala wakipumzika baada ya ushindi, naye anawavamia wakiwa wamelala. Fenix, shujaa aliyempigania siku hiyohiyo, anafia hapo. Mwishowe majeshi matatu yanamwendea kwa pamoja, na yote matatu yanasambaratika. Jemadari wa Dunia, DuGalle, anamwandikia mkewe barua ya mwisho na kujiua. Wachezaji wengi walimaliza gemu hii wakiwa wameduwaa, maana waliokuwa wakimwongozea vita hivyo vya mwisho, na kushinda, ni wao.

Adhabu yake kali kuliko zote ilikuwa kumwacha mtu hai

Kati ya wote aliowatesa, mmoja hakumgusa hata kwa ukucha. Zeratul, mpiganaji mkongwe wa jamii ya Protoss, alilazimika kumuua kwa mkono wake mwenyewe kiongozi wake mpendwa, Raszagal, kwa kuwa Kerrigan alikuwa ameiteka akili ya mama huyo. Kisha Kerrigan akamwambia Zeratul aende zake. Alijua kwamba mzigo ule ungemla mzee taratibu kuliko upanga, na hapo ndipo unapoona ubaya wenye akili unavyokuwa.

Wasomaji walimpa taji la ubaya

Mwaka 2010 tovuti ya GameSpot iliwapa wasomaji wake kazi ya kumchagua adui bora wa gemu za nyakati zote, kwa mtoano kama wa Kombe la Dunia. Fainali iliwakutanisha Kerrigan na GLaDOS, kompyuta yenye ulimi mtamu na moyo wa sumu kutoka gemu ya Portal. Kerrigan akashinda. Katika dunia ya gemu iliyojaa madude, majini na wafalme wa giza, watu walimchagua yule ambaye kisa chake wangeweza kukisimulia kama cha jirani.

Waliomsubiri miaka 12 walimaliza nakala milioni kwa siku moja

StarCraft ya pili ilitoka tarehe 27 Julai 2010, na nakala milioni moja zikauzwa ndani ya saa 24. Ukigawa, ni takriban nakala 700 kila dakika, kama kujaza mabasi kumi na matatu ya abiria kila mara mshale wa sekunde unapomaliza mzunguko. Safari hii sauti ya Kerrigan ilikuwa ya Tricia Helfer wa Kanada, ambaye watazamaji wa tamthilia ya Battlestar Galactica walimfahamu kama roboti mwenye sura ya binadamu. Mtu aliyezoea kuigiza kiumbe nusu huku nusu kule alipewa kiumbe kingine cha aina hiyohiyo.

Korea Kusini waliigeuza kuwa ligi

Katika miaka kumi ya kwanza StarCraft iliuza takriban nakala milioni 9.5 duniani, na milioni 4.5 kati ya hizo zilinunuliwa Korea Kusini pekee. Ni karibu nakala moja kwa kila watu 11, wakiwemo bibi na watoto wachanga. Chaneli za televisheni zilirusha mechi, wachezaji walivaa sare za wadhamini, na fainali ya Julai 2004 kwenye ufukwe wa Gwangalli mjini Busan ilitajwa kuwa na hadhira ya watu 100,000. Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, una viti 60,000: ujaze pomoni na bado watu 40,000 wamebaki nje getini.

Jeshi la anga liliunda timu ya vita vya kubuni

Vijana wa kiume wa Korea Kusini hulazimika kwenda jeshini, na mchezaji anayekaa miaka miwili bila kibodi ameshakwisha. Mwaka 2007 Jeshi la Anga la nchi hiyo likapata dawa: likaanzisha timu yake ya StarCraft iitwayo ACE, ambapo mwanajeshi aliweza kutumikia taifa huku akicheza ligi. Nyota mkubwa kuliko wote wa wakati huo, Lim Yo-hwan, maarufu kama BoxeR, alipita humo. Wachezaji wa kiwango hicho hubonyeza kibodi na kipanya zaidi ya mara 300 kwa dakika, yaani mara tano kila sekunde. Ukisimama nyuma yao ukafumba macho, utadhani uko kwa fundi cherehani siku ya mwisho kabla ya sikukuu.

Aliwahi kufika angani kwelikweli

Mei 1999, chombo cha Discovery kiliruka katika safari ya STS-96 kuelekea Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Miongoni mwa wanaanga alikuwemo Daniel Barry, na ndani ya chombo hicho ilikuwemo nakala ya StarCraft. Gemu inayosimulia vita kati ya nyota ikaizunguka Dunia kwa siku kumi na kurudi salama. Wahusika wengi wa hadithi za anga hawajawahi kupata nauli ya safari hiyo.

Jeshi lake limekuwa kitenzi

Wachezaji wanaozungumza Kiingereza hawasemi tu kwamba wamevamiwa na watu wengi kwa ghafla: wanasema wame-"zergiwa", hata katika gemu ambazo hazina kiumbe huyo kabisa. Aprili 2012 Google walificha utani kwenye ukurasa wao wa kutafutia: ukiandika "zerg rush", herufi O za manjano na nyekundu zilianza kushuka na kuyatafuna matokeo yako mstari kwa mstari, huku wewe ukizibonyeza kwa hofu ili kuziua. Zikikushinda zilijipanga kuunda GG, kifupi cha salamu ya heshima ambayo wachezaji hupeana mechi ikiisha. Si makamanda wengi ambao jeshi lao limevamia hadi kamusi za mtaani.

Mfini na mwanamke wa Kanada walikiteka kiti cha Wakorea wakiwa na Zerg

Kwa miaka mingi ubingwa mkubwa ulikuwa haki ya Korea Kusini. Februari 2018 Sasha Hostyn wa Kanada, ajulikanaye kama Scarlett, alishinda mashindano ya IEM huko PyeongChang, ndani ya Korea yenyewe, siku chache kabla ya Olimpiki ya majira ya baridi kufunguliwa mjini hapo. Akawa mwanamke wa kwanza kutwaa shindano kubwa la StarCraft II. Novemba mwaka huohuo Joona Sotala wa Finland, yaani Serral, akawa wa kwanza asiye Mkorea kubeba taji la fainali za dunia za WCS. Wote wawili walitumia Zerg. Viumbe wa Kerrigan hawana upendeleo wa pasipoti.

Kompyuta ilicheza miaka 200 kwa wiki mbili

Mwaka 2019 kampuni ya DeepMind iliwasilisha AlphaStar, programu iliyojifunza StarCraft II yenyewe. Kila tawi la programu hiyo lilipata uzoefu wa hadi miaka 200 ya kucheza ndani ya siku 14 tu. Kufikia Oktoba ilikuwa imewapita asilimia 99.8 ya wachezaji waliopangwa kwa viwango, ikitumia jamii zote tatu, Zerg wakiwemo. Kwa nini ichukue muda wote huo? Kwa sababu katika kila hatua kuna chaguo zinazofikia 1 ikifuatwa na sifuri 26. Ukihisi kichwa kinauma unapocheza, una haki.

Alibebwa mikononi kama mtoto

Mwisho wa toleo la 2010 hauna kelele za ushindi. Jim Raynor, aliyempenda kabla ya yote na kuapa kumuua baada ya yote, anamkuta katikati ya majivu kwenye sayari ya Char. Mbawa hazipo, ngozi imerudi kuwa ya binadamu, anatetemeka. Mengsk ameshamtuma mtu ammalize, na mtu huyo ni rafiki wa Raynor wa siku nyingi, Tychus. Raynor anampiga risasi rafiki yake, anamwinua Kerrigan, na anatembea naye kwenye moshi akimbeba. Picha hiyo moja ilifanya wachezaji waliokuwa wakimchukia kwa miaka 12 wajikute wakimwombea heri.

Mara ya mwisho alionekana mlangoni mwa baa

Toleo la 2013 lilimrudisha vitani kwa hiari yake, na humo akamfikia Mengsk ofisini kwake na kulipa deni la Tarsonis. Mwaka 2015, katika hitimisho la hadithi, aligeuka kiumbe cha mwanga na kumwangamiza Amon, yule aliyekuwa amewafunga Zerg tangu mwanzo. Ungetegemea basi amalizie kwenye kiti cha enzi, au kaburini penye sanamu. Badala yake, miaka miwili baadaye, tunaoneshwa baa ya kijijini kwenye sayari ya vumbi iitwayo Mar Sara. Raynor amekaa peke yake na glasi yake. Mlango unafunguka, mwanga unaingia, na mbele yake amesimama mwanamke wa kawaida mwenye nywele za kawaida, aliyemjia yeye. Raynor anatabasamu, anainuka, na wanatoka pamoja. Safari hii hakuna aliyeachwa nyuma.